Gari la chakula Marekani: karatasi kwanza, gari baadaye

Jamaa nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Beni ao Bunia zenye mtu Marekani zinalijua wazo hili: kuacha kazi ya usiku mu kiwanda, kununua gari lenye jiko ndani, na kuanza kuuzisha brosheti, sambusa, makemba, wali na maharagi. Wapishi wazuri hawakosekani. Feza nazo zinatafutwa: akiba ya miaka mitatu, likelemba, deni la ndugu, wakati mwingine hata kiwanja kinauzishwa huku nyumbani ili kumsaidia aliye kule.

Mahali wengi wanapoangukia ni kwenye mpangilio. Wananunua gari kwanza, halafu wanaenda kuomba ruhusa. Wanaambiwa gari halifai, ao jiji haliruhusu kuuzisha mahali walipopanga. Gari linabaki limeegeshwa nyuma ya nyumba, na deni linaendelea kukua. Habari hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyoendeshwa Marekani, ni nani anaruhusiwa kuifanya, na hatua gani inatangulia nyingine.

Gari la chakula ni nini

Ni gari kubwa ao rimorki yenye jiko kamili ndani: majiko ya gesi, frigo, maji safi, tangi la maji machafu na dirisha la kuhudumia. Mteja anasimama inje, analipa, anapewa chakula, anaenda. Wenyewe kule wanaliita fudi-traki.

Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1872, mu mji wa Providence, mtu mmoja aitwaye Walter Scott alianza kuuzia wafanyakazi wa usiku chakula kutoka kwenye mkokoteni wa farasi. Kwa miaka mingi magari ya namna hiyo yalikuwa ya watu wa viwandani na wa maeneo ya ujenzi, na wageni kutoka Mexico waliyafanya yajulikane sana kule Los Angeles. Mwaka 2008, wakati wa mgogoro wa uchumi, mpishi Roy Choi, mzaliwa wa Korea, alianzisha mu mji huohuo gari liitwalo Kogi. Alichanganya nyama ya kikorea na chapati za mahindi za Mexico, na akatangaza kwenye mtandao wa Twitter mahali gari litakaposimama. Watu walipanga foleni. Tangu hapo biashara hii ilienea mu miji mingi, na wageni wengi waliona njia ya kufungua mkahawa bila kulipa nyumba ya mkahawa.

Wakongomani nao wako wengi kule. Mu mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka DRC, na mu ule wa 2024 karibu 20,000, kabla serikali ya Marekani haijasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025. Wanaosema Kiswahili wanapatikana Louisville na Lexington mu Kentucky, Houston mu Texas, Phoenix mu Arizona, Salt Lake City mu Utah, Portland mu Maine, na kwingineko.

Nani ana ruhusa

Hili ni swali la kwanza, mbele ya swali la feza. Mtu aliyepokelewa kama mkimbizi ana haki ya kutumika tangu anapofika, na hiyo ni pamoja na kujitumikisha mwenyewe. Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu pia ana haki hiyo, na aliyepewa hifadhi vilevile.

Mwombaji wa hifadhi ambaye kesi yake bado inasikilizwa ni habari nyingine. Huyo anasubiri kadi ya kazi kwanza. Masharti ya kadi hiyo yanabadilika mara kwa mara, kwa hiyo inaomba kuuliza mwanasheria wa uhamiaji ao shirika linalosaidia bila malipo, siyo rafiki aliyefika miaka kumi iliyopita. Aliyeingia na viza ya matembezi haruhusiwi kutumika. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo pia hawezi kuendesha gari la chakula bila ruhusa maalum.

Hapa kuna mtego unaokamata wengi. Sheria ya Marekani inaruhusu mgeni kusajili kampuni ndogo hata kama hana kadi ya kazi. Mtu anapata karatasi ya kampuni, anafurahi, anafikiri ameruhusiwa. Kuwa mwenye kampuni na kuwa na ruhusa ya kutumika ndani yake ni mambo mawili tofauti. Akikamatwa akipika na kuuzisha bila ruhusa, kosa hilo linaweza kuharibu kesi yake ya uhamiaji. Hata binamu "anayesaidia tu" siku ya Jumamosi anahesabiwa kuwa mfanyakazi.

Kila mji na sheria zake

Huku kwetu mfanyabiashara mdogo anajua patanti, servisi ya ijeni na kodi ya soko. Marekani hakuna ofisi moja inayotoa ruhusa kwa nchi nzima. Jimbo linasajili kampuni na kusimamia kodi ya mauzo. Kaunti, ao mara nyingine jiji, inasimamia usafi wa chakula. Wazimamoto wanakagua gesi. Jiji linaamua wapi gari linaweza kusimama na saa ngapi.

Tofauti kati ya miji ni kubwa sana. Chicago, kwa mfano, inakataza gari la chakula kusimama chini ya futi 200, yaani mita 60 hivi, kutoka kwenye mkahawa, na mwenye kuvunja sheria anaweza kulipa amende ya hadi dola 2,000. Wenye magari walienda kushitaki, lakini Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois iliipa jiji haki mwaka 2019. Mtu asiyejua hilo anaweza kupanga biashara yake yote mbele ya jengo la ofisi ambako haruhusiwi kusimama hata dakika moja.

New York iliweka kikomo kwa idadi ya vibali tangu mwaka 1983. Kwa miaka mingi vibali vikawa vinakodishwa kwa mlango wa nyuma, kwa maelfu ya dola, kwa watu waliokosa njia nyingine. Mwaka 2021 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuongeza vibali kidogo kidogo kila mwaka. Utah ilienda upande mwingine: tangu mwaka 2017, sheria ya jimbo hilo inalazimisha miji kukubali leseni na ukaguzi uliofanywa mu mji mwingine wa Utah.

Mwaka 2018, taasisi ya chama cha wafanyabiashara wa Marekani ilichunguza miji 20. Ilikuta kwamba, kwa wastani, mtu anayeanzisha gari la chakula anapitia hatua 45 za kiserikali, zinazochukua siku 37 za kazi, na anatumia dola 28,276 mu mwaka wa kwanza kwa vibali, leseni na kufuata sheria tu. Gari lenyewe halimo mu hesabu hiyo. Portland ya Oregon ilionekana rahisi kuliko miji mingine, na Boston ngumu kuliko yote.

Gari lazima lipite ukaguzi

Gari jipya lenye vifaa vyote linaweza kupita dola 100,000. La zamani ni nafuu, na rimorki mara nyingi ni nafuu zaidi. Muuzaji atasema "lina kila kitu". Lakini anayeamua ni mkaguzi wa afya wa kaunti ile ambako mtu atauzishia, na gari lililokubaliwa Texas linaweza kukataliwa Kentucky.

Wakaguzi wanatafuta nini? Lavabo ya sehemu tatu kwa vyombo: kuosha, kusuuza, kuua vijidudu. Lavabo nyingine peke yake kwa mikono. Maji ya moto. Tangi la maji machafu ambalo, kwa kanuni za chakula za kitaifa, linapaswa kupita lile la maji safi kwa asilimia 15, ili maji yasimwagike inje. Kumwaga maji machafu barabarani ni kosa. Juu ya jiko la mafuta kunatakiwa mtambo wa kuvuta moshi na wa kuzima moto wenyewe, pamoja na kizimamoto cha daraja la K, kilichotengenezwa kwa ajili ya moto wa mafuta ya kupikia.

Mambo ya gesi yasichukuliwe kwa mchezo. Julai 2014, mu mji wa Philadelphia, tangi la gesi la gari la chakula lililipuka. Mama mmoja na binti yake waliokuwa wakitumika ndani yake walikufa baadaye kwa majeraha ya moto.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata dola moja, mnunuzi aende kwenye idara ya afya na picha na mchoro wa gari. Idara nyingi zinapokea mchoro na kuuchunguza mbele gari halijatengenezwa. Aombe jibu kwa maandishi. Mu kontra na muuzaji iandikwe kwamba sehemu kubwa ya malipo itatolewa baada ya gari kupita ukaguzi. Muuzaji anayekataa sharti hilo na kuharakisha mtu alipe leo, mara nyingi ana sababu yake.

Jiko la nyumbani halikubaliki

Jambo linaloshangaza mama wengi waliozoea kupikia sherehe nyumbani: chakula cha kuuzisha kwenye gari hakiwezi kutayarishwa mu jiko la nyumba. Miji mingi inaomba gari liwe na jiko la msingi, yaani jiko la biashara lililokaguliwa. Huko ndiko gari linachukua maji safi, linamwaga maji machafu, na chakula kinakatwa na kuhifadhiwa. Watu wanalikodi kwa saa ao kwa mwezi, wakishirikiana na wapishi wengine. Mu miji mingi, bila barua ya jiko hilo, hakuna kibali.

Joto la chakula linapimwa kwa kipimajoto, siyo kwa kidole. Chakula cha moto kikae nyuzi 57 za Selsiasi (135 za Farenhaiti) ao zaidi, cha baridi kikae nyuzi 5 (41) ao chini. Kuku aive mpaka nyuzi 74 (165) ndani kabisa. Sufuria kubwa ya maharagi ikiachwa ipoe taratibu usiku kucha, mkaguzi ataitupa yote. Kanuni inasema chakula kishuke kutoka 57 mpaka 21 ndani ya saa mbili, halafu mpaka 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Njia rahisi ni kukigawa mu vyombo vifupi na vipana na kuvitia mu frigo. Kaunti nyingi pia zinaomba angalau mtu mmoja awe na cheti cha usalama wa chakula, kinachopatikana kwa mtihani.

Kupika nini, na kwa nani

Kosa la kawaida ni kupikia Wakongomani peke yao. Hao ni wateja wa sherehe na wa Jumapili. Biashara inaishi kwa watu wa kila siku: wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, wanaotoka kutazama mpira. Hao wanataka kuona picha, kujua bei, na kupewa chakula haraka.

Karatasi ya vyakula iwe fupi, vitu vitano ao sita. Brosheti, kuku wa kuchoma, sambusa, makemba ya kukaanga, wali na maharagi vinatembea haraka na mgeni anavielewa. Bugali na sombe ni vizuri, lakini vinaomba maelezo. Wengine wanatoa kijiko kimoja cha kuonja bila malipo, na mteja anarudi. Sombe iliyosagwa na kugandishwa inapatikana mu maduka ya kiafrika ya miji mingi.

Karanga ni habari ya maisha na kifo. Kwetu tunatia unga wa karanga mu mboga bila kufikiri. Marekani kuna watu ambao karanga kidogo tu inaweza kuwaua. Sheria ya chakula inataja vitu tisa vya hatari ya namna hiyo: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za miti, karanga, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa tangu Januari 2023. Mwenye gari ajue kila kimoja kiko mu sahani gani, na atenge vijiko na sufuria.

Hesabu ya siku moja

Huu ni mfano wa kusaidia kufikiri, kila mtu atie namba za mji wake. Gari limeuzisha sahani 60 kwa dola 13. Hiyo ni dola 780. Vyakula na vyombo vya kubebea vinakula theluthi moja, dola 260. Zinabaki 520. Toa gesi na mafuta ya gari 50, sehemu ya kodi ya jiko la msingi 40, mwenye uwanja anayechukua asilimia 10 ya mauzo 78, msaidizi wa saa sita kwa dola 15 kwa saa 90, na asiransi 20. Zinabaki dola 242.

Hizo bado siyo zote za mfukoni. Mtu anayejitumikisha analipa asilimia 15.3 hivi ya faida kwa ajili ya pensheni na matibabu ya uzeeni, halafu kodi ya mapato juu yake. Hakuna bosi wa kumkatia. Anapaswa kulipa mwenyewe mara nne kwa mwaka: katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Wengi wanatumia feza yote, na deni la serikali linawakuta. Na siku ya mvua kubwa ao theluji, sahani zinaweza kuwa kumi, lakini kodi ya jiko haingoji jua.

Feza na msaada

Kwa wakimbizi, ofisi ya serikali kuu inayohusika na kuwaweka mu maisha mapya imekuwa na mpango wa mikopo midogo ya hadi dola 15,000, kupitia mashirika ya mahali. IRC, shirika linalojulikana sana hapa mashariki, nalo linatoa mikopo na mafunzo ya biashara mu miji kadhaa ya Marekani. Kiva inakusanya mikopo isiyo na riba ya hadi dola 15,000. SCORE, iliyoanza mwaka 1964, inamkutanisha mtu na wafanyabiashara wenye uzoefu wanaotoa mashauri bila malipo. Masharti hubadilika, kwa hiyo mtu aulize kwanza kama hali yake ya ukaaji inakubaliwa.

Namba ya kodi ya biashara inatolewa na serikali bure. Anayeomba dola 200 ili "kuitafuta" anauzisha kitu cha bure.

Kuanza kidogo

Siyo lazima kuanza na gari. Kuna kibali cha muda kwa sherehe ao maonyesho ya siku mbili tatu, ambako mtu anapikia chini ya hema. Kuna meza mu soko la wakulima. Kuna kupikia harusi na mikutano kutoka mu jiko la kukodi. Njia hizi zinaonyesha kama wageni wanapenda chakula, kwa gharama ndogo. Aliyeuzisha kwenye sherehe kumi anajua kitu ambacho mnunuzi wa gari bado hajui: nani atarudi kununua.

Jamaa iliyobaki huku

Mtu akiomba mchango kutoka Marekani, jamaa ina haki ya kuuliza maswali bila aibu. Una ruhusa ya kutumika? Idara ya afya imekubali mchoro wa gari? Jiko la msingi liko wapi? Utasimama wapi siku ya Jumanne, siyo Jumamosi tu? Asiyeweza kujibu hayo hajafika mahali pa kuuzishiwa kiwanja.

Tena, kumtumia mizigo ya chakula cha kuuzisha ni kumtafutia matatizo. Nyama ya pori ni marufuku kabisa kuingia Marekani, na amende inaweza kufika dola 250,000. Nyama nyingine kutoka kwetu nayo kwa kawaida inakamatwa kwenye uwanja wa ndege. Hata ndakala za kutumia kwenye biashara lazima zitoke kwa muuzaji anayetambuliwa, mwenye faktire.

Mpangilio kwa ufupi

1. Kuhakikisha ruhusa ya kutumika.
2. Kwenda idara ya afya, wazimamoto na ofisi ya jiji, na kuchukua masharti kwa maandishi. Omba mkalimani wa Kiswahili.
3. Kupata cheti cha usalama wa chakula na jiko la msingi.
4. Kujaribu chakula kwenye sherehe na masoko, na kuandika mauzo ya kila siku.
5. Kusajili kampuni, namba ya kodi na asiransi.
6. Kupeleka mchoro wa gari ukaguliwe.
7. Sasa ndipo kununua gari, na kubakiza akiba ya miezi mitatu angalau.

Anayefuata mpangilio huu anaweza kuchelewa mwaka mzima, na jirani aliyenunua gari kwanza atamcheka. Lakini siku atakapofungua dirisha, hakuna mkaguzi atakayelifunga saa hiyohiyo.